Kiwanja Huanza Kuibiwa Kwenye Karatasi

Hotuba kwa mkutano wa wakazi wa Walukuba-Masese, Jinja, kuhusu mpango wa kuboresha viwanja na bustani za mtaa

Bwana mwenyekiti, wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, mliofika, wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi watoto mliokaa mbele kabisa kwa sababu mmesikia kuna habari za bembea: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Barua ya kunialika ilisema nije nizungumzie bembea, taa na viti. Nitavifikia. Ila nimefanya kazi ya mipango miji kwa muda wa kutosha kujua yanayotokea mkutano ukianza na bembea. Tutabishana juu ya rangi yake, tutapiga makofi, tutaondoka, na hakuna hata mmoja atakayejua kiwanja inakosimikwa ni cha nani kwa mujibu wa daftari la ardhi. Kwa hiyo mnivumilie nianze na udongo.

Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata umeme, na watu wakafuata viwanda: kutoka Busoga yenyewe, Bukedi, Teso, Acholi, West Nile, na ng'ambo ya mpaka, Kenya. Ndiyo maana leo nazungumza Kiswahili hapa na hakuna aliyeomba mkalimani. Waliochora mitaa ya namna hii zama zile hawakuwa malaika. Nyumba walizompa Mwafrika zilikuwa finyu mno, na walijua. Lakini kwa kuwa vyumba vilikuwa vidogo, waliacha nafasi kati ya safu za nyumba, na nafasi hiyo ikawa sebule ya mtaa. Hapo ndipo watoto walipocheza, ndipo turubai la matanga lilipofungwa, ndipo wazee walipocheza omweso, bao letu la mbegu, hadi giza likawafukuza.

Nyumba bado ni finyu na watu wameongezeka. Sensa ya 2024 ilitukuta Uganda nzima tukiwa milioni 45.9, na karibu nusu yetu ni watoto wenye umri chini ya miaka 18. Jinja ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, na tangu hapo bei ya ardhi haijarudi nyuma. Kila kipande kisicho na jengo, kuna mtu anakitazama na kuona kimekosa mwenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi kiwanja kinavyopotea, maana wengi tunadhani kinapotea siku ile mabati ya uzio yanaposimamishwa usiku. Siku hiyo kazi imekwisha zamani. Mwanzo wake ni kwamba kiwanja hakikupimwa kikapewa hati, au kilipimwa ila ramani yake haionekani kwenye faili. Halafu mtu anapeleka ombi kwenye bodi ya ardhi akitaka akodishiwe eneo lililo wazi. Kamati ya ardhi ya eneo inaulizwa kama kuna mtu anayekaa pale. Jibu ni hapana, kwa sababu mtoto anayecheza kila jioni hahesabiwi kuwa mkaaji. Kisha kamati ya mipango inaombwa ibadilishe matumizi, kutoka burudani kuwa biashara. Tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ambayo muuza samaki wa Masese hana sababu ya kupita. Siku za kupinga zinapita kimya. Mkataba wa kukodisha unaandikwa, mara nyingi miaka 5 ya kwanza, halafu unanyooshwa hadi 49. Ndipo mabati yanapokuja. Vijana wanayang'oa, polisi wanaitwa, na mwenye mabati anatoa karatasi zake mfukoni. Sisi tunatoa nini? Kumbukumbu. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msinielewe kwamba sheria haiko upande wetu. Katiba ya 1995, kwenye malengo yake ya kitaifa, lengo la 17, inasema dola itakuza burudani na michezo kwa raia wa Uganda. Ibara ya 39 inatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na inataka rasimu ya mpango iwekwe hadharani ili mwananchi aisome na kuipinga akitaka. Hiyo ni silaha nzuri. Shida ya silaha hii ni kwamba haijifyatui yenyewe.

Tazameni Kampala, maana wao walitutangulia katika kupoteza. Centenary Park iliwekwa kuadhimisha miaka 100 ya mji ule, mji ambao huhesabu umri wake tangu 1890. Baadaye ikakodishwa, ikajaa mikahawa na baa, na barabara ya juu ilipokuja ikachukua sehemu yake. Bustani ya Katiba, katikati kabisa ya jiji, haikuuzwa kwa mtu, lakini baada ya maandamano ya 2011 ilikaa chini ya ulinzi wa polisi kwa miaka mingi. Majani yalikuwapo, miti ilikuwapo, raia hakuwapo. Na Nakivubo, uwanja wa tangu 1926, uliokuwa na sheria yake mwenyewe ya udhamini ya mwaka 1953, ulibomolewa 2017 na kujengwa upya ukiwa umezungukwa na maduka. Kuna wanaousifu uwanja mpya na kuna wanaoulilia wa zamani. Mimi leo nataka tu mtambue kwamba hata eneo lenye sheria ya Bunge inayolitaja kwa jina linaweza kubadilika umbo. Je, kiwanja cha mtaa ambacho hakina hata jiwe la mpaka?

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza halina bembea hata moja. Ofisi ya ardhi ya kanda iko hapa hapa Jinja. Hatuhitaji nauli ya Kampala. Twende tukafanye upekuzi wa kila nafasi ya wazi ndani ya mtaa huu, moja baada ya nyingine: imepimwa? Ina hati? Hati ina jina la nani? Kuna mkataba wa kukodisha juu yake? Kuna ombi linalosubiri? Tukipata kipande kisichopimwa, tuiombe halmashauri ya jiji ikipime na kukiandikisha kwa jina lake, kwa matumizi ya burudani ya umma, na nakala ya ramani ikae kwa mwenyekiti wa LC1, kwa divisheni, na kwenye ukuta wa shule. Kupima kunagharimu fedha, sitawadanganya. Lakini ni fedha inayotumika mara moja, na ukiigawanya kwa vizazi haionekani. Tukikuta kipande kimeshakodishwa, ni afadhali tujue mwaka huu tukiwa na nafasi ya kupinga kuliko tujue siku ya mabati.

Kuna eneo moja ambalo wengi hamlihesabu kuwa bustani, nalo linaweza kuwa kubwa kuliko yote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na mita 100 kutoka kingo za Nile. Haturuhusiwi kujenga humo kiholela, na ziwa lenyewe lilitukumbusha sababu mwezi Mei 2020 lilipopanda hadi kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimeandikwa hadi wakati ule, likaingia majumbani na mahotelini bila kubisha hodi. Ardhi ambayo haifai jengo inafaa nini? Inafaa njia ya miguu, miti na majani ya kukalia. Kwa idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, sehemu ya ufukwe wa Masese isiyotumika kushushia samaki inaweza kuwa mahali pa mtoto kukimbia na bibi kupunga upepo. Nina sharti moja: bomba la maji safi liwepo kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto aliyecheza akatokwa jasho ataingia ziwani kujimwagia maji, na sote tunajua kichocho kinakaa wapi.

Haya, tuseme udongo umeshakuwa salama. Tunaboresha nini?

Kosa ambalo nimeliona katika ofisi karibu zote ni kuanza na orodha ya vifaa. Mtu anafungua katalogi, anachagua. Mimi ningewaomba tuanze kwa kukaa na kutazama. Vijana wawili wenye daftari, wakae kiwanjani saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni na saa moja usiku. Siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili. Waandike: wavulana wangapi, wasichana wangapi, wazee wangapi, nani anapita tu, nani anakaa, anakaa wapi, anafanya nini. Waandike pia kile ambacho hatupendi kukiandika: wanaovuta bangi nyuma ya ukuta, lori linaloegeshwa usiku, takataka zinazomwagwa na nani. Daftari hilo litatuambia mambo ambayo mkutano kama huu hautatuambia, kwa sababu kwenye mkutano wanaosema ni sisi wenye sauti.

Na ninajua karibu kila daftari la namna hiyo huonyesha nini. Linaonyesha kwamba saa kumi jioni kiwanja kimejaa wavulana na mpira mmoja, na wasichana wako bombani, jikoni, au wamebeba mdogo wao mgongoni pembeni ya mstari. Uwanja kamili wa mpira wa miguu una mita 105 kwa 68. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25. Pigeni hesabu: eneo la uwanja mmoja wa mpira linatosha viwanja vya netiboli 15 na chenji inabaki. Halafu tunaambiwa wasichana hawana mahali pao kwa sababu nafasi ni ndogo!

Nchi hii, kwa netiboli, haichekwi. She Cranes, timu yetu ya taifa, walimaliza nafasi ya tano kwenye Kombe la Dunia la 2023 kule Cape Town, mbele ya mataifa yenye kumbi zenye paa na sakafu za mbao. Mchezo wao kwetu umelelewa kwenye viwanja vya udongo vya shule, nguzo mbili na pete mbili za chuma. Nguzo mbili! Fundi wa kuchomelea hapo barabarani anazitengeneza kwa siku moja. Sisemi tuwanyang'anye wavulana. Nasema mpango wowote utakaotoka kwenye mkutano huu ambao hauna mahali pa wasichana pa kudumu, penye mistari iliyochorwa na saa zilizotengwa, mimi nitaupinga kwenye kamati, na nitawaomba akina mama mnisindikize.

Nguzo pekee hazitoshi pia. Msichana wa miaka 14 haji kiwanjani kama hakuna choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Haji kama njia ya kurudi nyumbani inapita gizani kando ya ukuta mrefu. Haji kama wanaokaa pembeni ni wanaume wazima pekee wanaomtolea maneno. Kwa hiyo choo, taa ya njiani, na viti vya akina mama karibu na uwanja wao ni sehemu ya netiboli yenyewe, hata kama havimo kwenye kanuni za mchezo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kuutumikisha mwili wake kila siku. Kubeba mtungi wa maji ni kazi ya mwili, sikatai. Lakini mtoto ana haki ya dakika nyingine zisizo za kazi.

Baada ya hapo, kivuli. Nashangaa sana jinsi tunavyopenda kukata mti ili tujenge banda la kivuli. Mwembe, mfenesi, mvule kama tuna subira ya vizazi; vyote vinaota hapa bila mhandisi. Kalitusi naomba tuziache kwa wenye mashamba ya nguzo, zinakunywa maji mno na kivuli chake ni chembamba. Tupande mwanzoni mwa mvua, Machi au Septemba, na kila mti ukabidhiwe kaya iliyo karibu nao, maana mche hauuawi na jua peke yake, mbuzi wanatangulia. Chini ya mti mkubwa uliopo, tuweke benchi la saruji lenye mashimo ya omweso yaliyochorwa juu yake. Ni kitu cha bei ndogo, hakiibiki, na kinawaleta wazee. Mahali palipo na wazee wanne wanaocheza omweso, mwizi wa simu hafanyi kazi vizuri.

Maji ya mvua nitayapitia upesi, ingawa wahandisi wangependa tukae hapo hadi magharibi. Kiwanja kikiinuliwa kidogo katikati na kuteremka taratibu pembeni, na mfereji ukapita nje ya mstari, mnacheza siku inayofuata mvua. Kikiwa bapa au kikibonyea katikati, mnalea vyura. Fanyeni hiyo kabla ya kupanda nyasi, si baada yake. Nyasi za bandia kama zile zilizo ng'ambo ya daraja, kwenye kituo cha ufundi cha FUFA, shirikisho la soka, pale Njeru, ni nzuri kwa kituo cha ufundi. Kwa mtaa ni mzigo: juani zinachoma miguu, na baada ya miaka kama kumi zinataka kubadilishwa kwa fedha ambayo hatutakuwa nayo.

Na bembea, watoto, nimefika. Tutaweka. Zifungwe kwa kamba nene au mnyororo uliochomelewa, kwa sababu mnyororo unaofunguka kwa spana utakuwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya Ijumaa. Chini yake pawe na mchanga mzito, maana pasipo mchanga huchimbika shimo, shimo hujaa maji, na mbu wanapata nyumba. Utelezi wa bati usielekee jua la mchana. Na bembea moja iwe na kiti chenye mgongo na mkanda, njia ya kuifikia iwe ngumu na bapa, ili mtoto asiyetembea naye apelekwe. Tuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inayotudai hilo, lakini hata isingekuwepo mnawajua watoto hao kwa majina.

Sasa uzio. Hapa najua nitagombana na baadhi yenu, kwa sababu nimeona wengi mnataka ukuta mrefu na geti. Mnasema: tukijenga kitu kizuri bila ukuta, kitaharibiwa. Ninaelewa hofu hiyo. Lakini geti lina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mwenye mfuko. Leo anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kesho anafungua akiamka. Keshokutwa kuna ada ndogo ya kuingilia, ya usafi tu, na mwaka unaofuata kuna hema la harusi kila Jumamosi na watoto wanachungulia kupitia matundu. Mimi ningependa uzio wa miti mifupi inayopogolewa, na vigingi vya saruji vilivyokaribiana kiasi cha kuzuia gari lakini si mtu, na njia za kutokea pande zote nne. Ukiwa na njia moja tu ya kutoka, ni mtego kwa msichana anayefuatwa. Anayetaka kulinda kiwanja kwa ukuta ajiulize kwanza ukuta utamficha nani.

Wenye vibanda vya chapati na rolex, yaani chapati ya kuviringisha na mayai, na vijana wa boda boda, najua kuna pendekezo la kuwahamisha. Siliungi mkono. Wao wako pale kuanzia alfajiri hadi usiku, wanaona kila kitu, na mteja wao ni mtu yule yule anayekuja kiwanjani. Wapewe mstari wao pembeni, sakafu ya saruji, pipa la taka kila mmoja, na walipe kidogo kila mwezi kwa risiti. Risiti, ndugu zangu. Fedha isiyo na risiti ndiyo inayoua kamati.

Na sasa fedha yenyewe. Kuna dhana inayozunguka kwamba zile shilingi milioni 100 za kila parishi, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, chini ya mpango wa serikali wa Parish Development Model zinaweza kujenga bustani. Hapana. Fedha hizo zinapitia kwenye SACCO kwenda kwa kaya, kwa ajili ya kuku, mboga, nguruwe na biashara ndogo. Tusizivizie. Fedha za miundombinu ya miji zilizopita hapa chini ya mpango wa serikali wa USMID tangu 2013 zilikwenda zaidi kwenye barabara, mifereji na taa za barabarani, na tulizihitaji. Lakini kila barabara inayojengwa ina pembe zake, ina mfereji wake, ina nguzo za taa. Kumshawishi mhandisi asogeze taa mbili zimulike kiwanja, wakati kazi ipo mezani, ni nafuu kuliko kuomba mradi mpya. Jambo hili hufanyika kabla ya michoro kusainiwa, halifanyiki baadaye.

Serikali kuu kwa sasa macho yake yako kwenye viwanja vikubwa, na sababu inaeleweka. Uwanja wa Namboole umekarabatiwa, ukapokea michezo ya soka ya CHAN Agosti 2025. Hoima imepata uwanja wa watu 20,000 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, ambalo tunaliandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Nitashangilia kama ninyi. Ila mtoto wa Walukuba hatapanda basi kwenda Hoima jioni baada ya shule. Uwanja mkubwa ni wa kutazama. Wa kuchezea ni huu wa hapa, na huu hauna wizara inayouota usiku. Wa kuuota ni sisi, na divisheni, na halmashauri ya jiji.

Jambo ambalo halmashauri zote husahau, na wafadhili hulisahau zaidi, ni mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza kuna utepe, kuna meya, kuna picha. Mwaka wa pili betri ya taa ya sola imechoka, choo kimefungwa kwa sababu bili ya maji haijalipwa, nyasi zimefika magotini, na watu wanasema Waafrika hatujui kutunza vitu. Upuuzi. Hakuna aliyeandika mshahara wa mfyekaji kwenye bajeti, basi! Kwa hiyo ninapendekeza kanuni ngumu: kamati ya kiwanja tutakayoichagua leo isikubali kitu chochote, hata cha zawadi, mpaka iandikwe nani atakisafisha, kwa fedha ipi, na kikivunjika kitatengenezwa na nani. Mfadhili akisema hilo si jukumu lake, mumwambie kwa heshima kwamba basi atuletee kitu kidogo zaidi.

Mapato yapo. Krusedi za injili, mikutano ya siasa, maonyesho ya biashara, wote hao hukodi viwanja, na wote huacha nyasi zimekufa. Walipe, waweke dhamana ya uharibifu, na fedha ibaki kwenye akaunti ya kiwanja badala ya kumezwa na mfuko mkuu. Hilo linahitaji azimio la baraza la divisheni. Diwani yuko hapa, naona anaandika, ninashukuru. Na ziwekwe siku chache tu kwa mwezi za kukodisha, kamwe zisiwe saa za jioni za siku za shule.

Nimalizie na kalenda, kwa kuwa hapa ndipo mipango mizuri hufia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mabaraza lazima yawe yamepitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei. Watu wengi hukimbilia ofisini mwezi wa Aprili na Mei na barua zao, wanaambiwa wamechelewa, wanadhani wanaonewa. Hawaonewi. Mikutano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika Oktoba na Novemba, na humo ndimo vipaumbele huingizwa. Mkutano wa kijiji lazima uwe umekaa kabla ya hapo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, upite kwenye kamati ya maendeleo ya parishi, uende divisheni. Ombi linaloingia Oktoba likiwa na ramani, hesabu ya watumiaji, na makadirio ya gharama ya mwaka wa pili, ofisa mipango hupata shida kulikataa. Nimekaa upande huo wa meza. Maombi yaliyotushinda kuyakataa yalikuwa machache, nayo ndiyo tuliyoyapa fedha.

Kamati ichaguliwe leo kabla hatujatawanyika, nami ningeomba nusu yake wawe wanawake, awemo kijana mmoja aliye chini ya miaka 20, na asiwemo mtu yeyote mwenye ombi la ardhi kwenye bodi. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza kupima kwa futi kamba, tukianzia upande wa ziwa. Nina futi kamba ya mita 50. Tunahitaji nyingine moja, vigingi, kamba, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Bwana mwenyekiti, naomba karatasi izungushwe sasa, na kila anayeweza kufika aandike jina lake na kijiji chake.